Pagale la Baba Kulwa

Jumamosi moja mwezi wa sita nilifika saiti na mfuko wa misumari mkononi. Kijana aliyekuwa anachanganya zege akaacha koleo, akafuta mikono kwenye suruali, akainamisha kichwa kidogo: "Shikamoo mzee." Nikageuka kuangalia nyuma. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi wa jirani anakula mfuko wa saruji, na hata yule mbuzi aliniangalia kama anasubiri niitikie.

Nikaitikia marahaba. Sauti ilitoka ya baba yangu kabisa.

Nina miaka 37. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni mtu wa kuanzia miaka 15 hadi 35, kwa hiyo serikali ilinistaafisha ujana miaka miwili iliyopita bila hata barua. Kitambi nimekizoea. Magoti yanatabiri mvua kuliko mamlaka ya hali ya hewa. Lakini mtu anaweza kuishi na hayo yote akijiona kijana, mpaka ajenge. Hakuna kinachozeesha kama kujenga. Nyumba yangu iko Nyahanga, hapa Kahama mjini, na kuta zake zilifika usawa wa lenta zikagoma kwa miaka miwili kamili. Bodaboda wa mtaa wanaitumia kuelekezana: nenda mpaka pagale la Baba Kulwa, kata kulia. Siku nikiipaua sijui wataelekezana vipi.

Nilipomsimulia mke wangu habari ya ile shikamoo alicheka mpaka akaweka chini ungo wa mchele. Halafu akaniuliza, akiwa bado anafuta machozi, "Kwani hiyo nyumba ya mzee imeandikwa jina la nani?"

Nilijibu haraka kwamba ni yetu. Yeye akarudi kwenye mchele wake. Swali nimelala nalo wiki tatu, na kwa kuwa kazi yangu ni kuulizia mambo ya watu wengine, safari hii nimeulizia ya kwetu. Kumbe historia ya ndoa upande huu wa Usukuma na Unyamwezi unaweza kuisoma kwenye mapaa.

Nianze na babu mzaa baba. Alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake, msonge wa miti na udongo uliofunikwa nyasi. Hakuna aliyesema nyumba ya babu. Walisema kwa mama fulani, kwa mama fulani. Babu mwenyewe, ukitazama vizuri, alikuwa mgeni wa kudumu katika nyumba mbili. Mali yake ilikuwa zizini. Nyasi zilibadilishwa zikioza, nguzo zikiliwa na mchwa zilikatwa nyingine porini, na nyumba ikichoka kabisa mlijenga nyingine hatua ishirini pembeni. Fundi hakuwepo, wala mkopo, wala bodaboda wa kukusengenya.

Serikali ndiyo ya kwanza kuiona nyumba ya nyasi kama mali. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Waingereza walipokuja wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa, ya mwaka 1922, na mwenye wake wengi akajikuta analipa zaidi kwa sababu ya nyumba za wake zake. Matokeo yake unaweza kuyakisia hata bila kusoma: watu wakaanza kubanana. Zama za Mjerumani kuna sehemu familia zilijazana kwenye nyumba moja ili karani ahesabu paa moja. Huwa namfikiria karani yule na daftari lake, anahesabu mapaa, na ndani wake wawili waliokuwa hawasalimiani tangu mavuno wanashikilia pumzi kwa pamoja kwa ajili ya rupia 3.

Na msicheke sana. Tangu 2021 kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU, kidogokidogo kila mwezi unaponunua umeme. Karani hana haja ya kuja tena, maana mita inamtosha.

Babu alikutana na serikali kwa karibu zaidi mwaka 1974. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Mkoa wa Shinyanga ulihamishwa kwa kasi. Katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi nyuma. Katika familia yetu hadithi yenyewe inasimuliwa kama kichekesho, nadhani kwa sababu kuisimulia vingine kungeuma. Babu aling'oa milango miwili na nguzo zilizokuwa bado nzima, akazipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Walipofika kwenye kijiji kipya, viwanja vimepangwa mstari kama madawati, afisa akamuuliza, "Mzee, kaya ngapi?" Babu akawaangalia wake zake, akaangalia viwanja, akasema, "Mbili." Akaandikiwa viwili. Bibi mdogo mpaka anakufa alikuwa anasema ile ndiyo siku pekee mumewe alipomtaja mbele ya serikali.

Nyumba yenyewe walijenga upya kwa mwezi mmoja. Walihama bila kuacha deni na bila kuacha kitu cha kugombania. Machungu ya babu yalikuwa ya shamba, malisho na makaburi ya wazazi wake. Nyumba hakuizungumzia.

Baba ndiye aliyebadilisha mambo, kwa bati.

Kwenye eneo la pamba kama letu, bati lilikuwa lugha. Ushirika wa wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa, ule ulioungana mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, uliweka fedha mikononi mwa wakulima, na mkulima wa Kisukuma akiwa na fedha alinunua ng'ombe, baiskeli, halafu bati. Ukiwa mlimani ulijua nani amevuna vizuri kwa mng'ao tu. Lakini baba alichelewa. Alioa mwaka 1981, ushirika ulishavunjwa tangu 1976, uchumi umekauka, saruji na bati vinapatikana kwa kibali. Wazo Hill walikuwa wanatengeneza saruji tangu 1966, ila kutoka Dar es Salaam mpaka kwetu ile saruji ilipita kwenye mikono mingi yenye njaa. Baba alikusanya bati mbilimbili kwa miaka miwili. Zilipofika kumi na nane, ikaja 1983 na msako wa wahujumu uchumi.

Wasomaji wadogo, ngoja niwaeleze kidogo. Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako dhidi ya walanguzi na walioficha bidhaa. Watu walitupa sukari usiku, walizika vitenge, walimwaga mafuta. Sasa mtu mwenye bati kumi na nane zisizo na nyumba chini yake angejieleza vipi? Mama ndiye aliyeokoa hali. Alizilaza bati chini ya kitanda, juu ya udongo, akaweka mikeka, akaweka karanga, halafu akajifungua. Namaanisha dada yangu mkubwa alizaliwa juu ya zile bati. Msako haukufika hata kwenye kijiji chetu. Baba akaezeka mwaka uliofuata, na watu wakaanza kusema kitu ambacho hakikuwahi kusemwa kwa babu: nyumba ya mwalimu. Nyumba ya baba. Jina la mama liliondoka kwenye nyumba siku nyasi zilipoondoka, na hakuna mtu aliyeona ajabu, hata mama mwenyewe, maana mvua ilikuwa haivuji tena.

Hapo sasa nije kwangu.

Mimi nilioa kwa ng'ombe wanane. Nasema ng'ombe kwa heshima ya lugha. Kikao kilijadili ng'ombe, mshenga alibishana kuhusu ng'ombe, mzee mmoja wa upande wa pili aliuliza rangi za ng'ombe, halafu kila ng'ombe akapigiwa hesabu na akatumwa kwa simu. Ng'ombe watatu wa mwisho walichelewa kwa sababu ya mtandao. Baba mkwe, Mungu amtunze, alipokea ujumbe, akavaa miwani, akasoma salio, akasema, "Wamefika wote. Ila mmoja amekonda," kwa sababu kulikuwa na makato ya kutolea.

Kwa mkoa wetu zawadi za harusi zina historia ya kutatanisha. Ile kubwa kuliko zote ilitolewa na mtu ambaye hakuwahi kuoa. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, alivumbua almasi ya Mwadui, karibu na Shinyanga mjini, mwaka 1940. Alikuwa na miaka 33. Mimi kwa umri huo nilikuwa navumbua bei ya kokoto. Mwaka 1947 kwenye mgodi wake likapatikana jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, naye akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth aliyekuwa anaolewa mwaka huohuo. Lilipochongwa likabaki karati 23.6, na baadaye likawa kiini cha bruchi aliyoivaa malkia kwa miongo mingi. Williamson alikufa Januari 1958 akiwa kapera na tajiri, akiwa na miaka 50. Huwa najiuliza kama kuna siku alikaa kwenye nyumba yake pale Mwadui akatamani mtu wa kumgombeza.

Tuache almasi. Kahama ni mji wa dhahabu, na dhahabu ndiyo iliyonipandishia bei ya kiwanja. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa, na wengi wao hawakwenda mbali. Mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Mwaka 2009 ukafunguliwa Buzwagi, kilomita chache tu kutoka mjini, na Kahama ikapatwa na homa. Kila mwenye uwanja nyuma ya nyumba aliongeza vyumba vya kupangisha. Saruji ikawa mazungumzo ya kila baa. Halafu Buzwagi ikafikia mwisho wake mwaka 2021, mwaka uleule Kahama ilipopandishwa kuwa manispaa, na wapangaji wengi wa mgodi wakafunga mizigo. Kina baba wenye nyumba waliokuwa hawapokei simu wakaanza kutusalimia sisi kwanza. Kipindi hicho ndipo niliponunua kiwanja Nyahanga. Nilijiona mjanja. Mke wangu, ambaye biashara yake ni kununua mpunga, kukoboa na kuuza mchele, alitoa karibu nusu ya fedha. Matofali yote ya msingi ni mchele wake. Nondo za lenta nazo ni mchele. Mimi nilitoa mshahara pale ulipokuwepo, na nilitoa pia mawazo mengi sana.

Kwenye mkataba wa mauziano, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wanne, nikaandika jina langu peke yangu.

Sikuwa na nia mbaya. Naomba mniamini, ingawa nimegundua kwamba wanaume wote kwenye historia hii hawakuwa na nia mbaya. Karani aliuliza, "Mnunuzi?" nikajibu jina langu kama mtu anavyojibu anapoitwa darasani. Mama Kulwa hakuwepo. Alikuwa mashineni anakoboa.

Sheria si mbaya sana upande huo. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyotungwa mwaka uleule Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika, inamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Inasema hata waliokaa pamoja miaka miwili wakijulikana kama mume na mke wachukuliwe kuwa wameoana, jambo ambalo limewashtua wanaume wengi wa mjini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu na kukubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, mahakama ilisema alishapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Yaani alishinda kwa niaba ya wanawake wengine wote. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa ajili ya wanandoa kuishi ni ya wote wawili, isipokuwa hati ioneshe vinginevyo.

Tatizo ni siku mume akifa. Hapo mlango unaofunguliwa mara nyingi ni wa mila, na mila yetu ilishaandikwa kwenye karatasi. Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilitangaza kanuni za sheria za mila zinazotumika mpaka leo, za urithi zikiwemo. Mjane ndani ya kanuni hizo anatunzwa na watoto. Harithi.

Wanawake wawili wa Kisukuma kutoka mkoa wetu walizipinga. Kwenye uamuzi wa Umoja wa Mataifa wanatajwa kwa herufi tu, E.S. na S.C. Waume zao walikufa, ndugu wa waume wakachukua nyumba, wao wakatolewa. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 ikakiri kwamba kanuni zile zina ubaguzi lakini ikasita kuzifuta. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa mwaka 2010 kwa sababu za kiufundi. Wakafika mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka haki zao. Kutoka Shinyanga mpaka Geneva, kwa ajili ya paa.

Nilisoma uamuzi ule saa sita usiku, simu ikinimulika usoni, mke wangu amelala ubavuni. Nikamkumbuka baba mkubwa mmoja kwenye msiba wa baba, mwaka 2011. Alikuwa amesimama nje ya nyumba na mikono nyuma, anahesabu bati. Midomo ilikuwa inatembea kabisa. Kumi na nne, kumi na tano. Mama alikuwa amekaa chini pamoja na wanawake, kanga kichwani, anamwona. Bati alizozalia. Hakumwambia kitu. Baadaye wajomba waliingilia, pakawa na kikao kirefu, na mama akabaki. Wakati ule niliona ni ugomvi wa ukoo umeisha salama. Nilikuwa na miaka 23 na nilichokuwa nawaza ni nauli ya kurudi chuoni. Kwenye misonge ya bibi zangu hakuna shemeji angesimama nje kuhesabu nyasi.

Asubuhi nikamwambia mke wangu kwamba twende ofisi ya mtaa. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nataka kuongeza jina lake kwenye mkataba. Akaniangalia kwa muda, akaniuliza tena, sasa kwa upole, "Umeenda kupima? Daktari amekwambia nini?"

Mtendaji wa mtaa naye, alipotusikiliza, alifunga faili. "Kwani mnaachana?" Nikamwambia hapana. "Sasa mbona mnagawana?" Nikamweleza hatugawani, tunaunganisha. Mzee aliyekuwa kwenye benchi akisubiri barua ya utambulisho akaingilia kati, akasema mwanamume akianza kuandikisha mali kwa mkewe ujue kuna mtoto nje. Mke wangu akamgeukia na kumwamkia vizuri kabisa, kisha akamwuliza, "Baba, nyumba yako imeandikwa nani?" Mzee akasema ya kwake. "Na mama akikufiwa?" Mzee akatazama kofia yake mpaka tulipomaliza.

Tuliandika mkataba mpya, muuzaji akaitwa akaja na bodaboda tuliyolipa sisi, mashahidi wakapatikana, mhuri ukagongwa. Majina mawili. La kwake limeandikwa la pili, ameliona hilo, na ameshaniambia kwamba ameliona.

Tangu siku hiyo nimepoteza mamlaka saiti. Jiko limehamishwa upande wa mashariki ili moshi usiingie sebuleni, kitu nilichokikataa mwaka mzima kwa hoja ambazo sasa sizikumbuki. Bati la rangi ya bluu nililolipenda limefutwa, tunasubiri jekundu. Jumamosi iliyopita tulikwenda wote kukagua lenta. Fundi alishuka kwenye ngazi, akamfuata mke wangu na daftari la hesabu, "Bosi, kenchi tutaanza lini?" Wakasimama kivulini wanajadiliana.

Yule kijana wa zege akanisogelea na ndoo mbili tupu.

"Shikamoo mzee. Bomba la jirani wamefunga. Maji ya kumwagilia lenta tutayapata wapi?"

Nikaitikia, nikazichukua ndoo.